Picha ya moyo isafiri, mgonjwa abaki nyumbani

ALIKUWA msichana wa mwaka wa pili wa sekondari, hodari wa hisabati, na kila asubuhi alikuwa wa mwisho kufika darasani. Shule yetu, kama shule nyingi za Rwanda, imejengwa juu ya kilima. Wenzake walipanda mbio wakicheka. Yeye alisimama mara nne njiani, mkono kifuani, kama bibi wa miaka sabini.

Nilimkaripia mara mbili kwa uchelewaji. Sina sababu ya kulificha hilo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mama yake alikwisha kumpeleka kituo cha afya zaidi ya mara tatu, na kila mara walirudi na dawa ya pumu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtoto anahema, kifua kinakoroma, usiku anakohoa, na muuguzi ana foleni ndefu mlangoni. Katika hali hiyo, pumu ndiyo inayokuja akilini kwanza. Lakini mtoto huyu alikuwa halali mpaka aegemezwe kwa mito, na jioni viatu vilimbana kwa kuvimba miguu. Hizo si dalili za pumu. Moyo wake ulikuwa umeanza kushindwa kusukuma damu.

Aliyegundua hakuwa daktari bingwa. Alikuwa muuguzi wa hospitali ya wilaya katika kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza. Alimlaza binti ubavu, akampaka majimaji mazito kifuani, akapitisha kifaa kidogo kilichounganishwa na mashine yenye kioo. Baada ya dakika chache alituonyesha mlango mmoja wa moyo ambao haufunguki sawasawa. Picha zile zilihifadhiwa, zikamfikia bingwa wa moyo mjini Kigali, naye akathibitisha. Binti hakupanda basi kwenda kutafuta jibu. Alipanda basi siku jibu lilipokuwa tayari limepatikana.

Makala haya yanahusu tofauti hiyo ndogo, ambayo kwa mgonjwa wa moyo ndiyo inayotenganisha uzima na kifo.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Watu wengi bado wanaamini kwamba maradhi ya moyo ni ya wazee wanene wa mjini. Ulaya na Marekani moyo huharibika zaidi kwa mishipa yake kuziba, na wengi wa wanaougua wana umri mkubwa. Katika vijiji vya ukanda wetu hali ni nyingine. Wagonjwa wengi wa moyo wana misuli ya moyo iliyolegea, shinikizo la damu lililoachwa bila tiba, au milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Wengi wao ni vijana, wakiwemo watoto wa shule na akina mama wanaozaa.

Homa ya baridi yabisi huanza kwa jambo ambalo kila mwalimu analiona: mtoto anaumwa koo. Bakteria wa aina ya streptokoki huingia kooni. Wasipotibiwa, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili inayopambana nao hugeuka na kushambulia viungo na moyo. Magoti na vifundo huvimba kwa siku chache kisha hupona, na wazazi husahau. Moyo hausahau. Kila homa inaporudi, milango ya moyo huongezeka makovu, hata ikawa migumu na myembamba au ikaanza kuvuja.

Uzuri ni kwamba ugonjwa huu unazuilika kwa dawa ya zamani na ya bei nafuu, penisilini, inayochomwa kila baada ya wiki tatu au nne. Ushahidi ulitoka kwa jirani zetu wa Uganda. Katika utafiti uliofanyika Gulu, watoto zaidi ya 100,000 walipimwa mioyo, na 818 waliokuwa na dalili za mwanzo wakagawanywa katika makundi mawili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Baada ya miaka miwili, katika kundi lililochomwa penisilini ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu, na katika kundi lisilochomwa uliendelea kwa watoto 33.

Ikumbukwe kwamba watoto wale hawakuwa na malalamiko yoyote. Walikuwa wakicheza mpira. Ugonjwa wao ulionekana kwa eko tu, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti. Hapo ndipo linapozuka swali: kama eko iko Kigali, Kampala au Dar es Salaam, na mtoto yuko kijijini, nani amfuate mwenzake?

Muuguzi akishika mashine

Nchini Rwanda jibu la swali hilo lilianza kutafutwa mapema. Kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la Partners In Health, ambalo hapa tunalijua kwa jina la Inshuti Mu Buzima, ilianzisha kliniki zinazoendeshwa na wauguzi katika hospitali za wilaya vijijini, zikiwemo Rwinkwavu na Kirehe. Muuguzi mmoja aliyefundishwa vizuri aliwahudumia wagonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu kali, wa pumu na wa moyo.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wauguzi hao walifundishwa kutumia eko, kazi iliyokuwa ya mabingwa peke yao. Hawakufundishwa kila kitu. Walifundishwa kujibu maswali machache: Je, moyo umepanuka na kulegea? Je, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto umekuwa mwembamba? Je, tatizo ni shinikizo la damu? Je, ni upande wa kulia wa moyo uliozidiwa?

Majibu hayo machache yanatosha kuanza tiba sahihi siku hiyo hiyo. Bingwa anakuja baadaye kuthibitisha, kurekebisha na kuamua nani apelekwe kwenye upasuaji. Kwa lugha yetu ya darasani, muuguzi anapanga wanafunzi kwenye madarasa, na bingwa anasahihisha mtihani.

Mfumo huo ulienezwa katika hospitali nyingine za wilaya, na ukavuka mipaka. Agosti 2022, mawaziri wa afya wa nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani (WHO), walipokutana Lomé, Togo, walipitisha mkakati wa PEN-Plus, uliojengwa juu ya wazo hilo hilo la kupeleka tiba ya magonjwa sugu makali, moyo ukiwemo, hadi hospitali za ngazi ya wilaya.

Si wazo la jana

Wapo wanaodhani kwamba kumpima mgonjwa aliye mbali ni mtindo ulioletwa na simu za kisasa. Si kweli. Machi 1905, mwanasayansi wa Uholanzi, Willem Einthoven, aliyevumbua mashine ya kupima umeme wa moyo, alikuwa na tatizo kama letu. Mashine yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200 na haikuweza kutoka maabara. Wagonjwa walikuwa hospitalini, kilomita moja na nusu kutoka hapo, na wengine hawakuweza kutoka kitandani. Akatumia waya wa simu. Mgonjwa alibaki hospitalini, mapigo yake yakachorwa maabara. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wake kuhusu mchoro wa umeme wa moyo.

Karne moja baadaye, jimbo la Minas Gerais nchini Brazil lilifanya kazi hiyo kwa kiwango kikubwa. Jimbo hilo ni kubwa kuliko Rwanda zaidi ya mara 20, na limejaa miji midogo isiyo na bingwa wa moyo. Walianza na miji midogo 82. Muuguzi au fundi anampima mgonjwa umeme wa moyo katika zahanati, mchoro unatumwa kwa mtandao, na madaktari wa vyuo vikuu vya umma wanausoma na kurudisha majibu. Baada ya miaka kadhaa huduma ilikuwa imefika katika miji zaidi ya 800, na michoro iliyosomwa ikahesabiwa kwa mamilioni.

Siri ya Brazil haikuwa utajiri wa mashine. Mchoro wa umeme wa moyo ni faili dogo linalopita hata kwenye mtandao dhaifu. Siri ilikuwa kwamba kuna watu walioajiriwa kusoma, wanaojulikana, wenye zamu.

Afrika nayo haikukaa kimya. Mhandisi kijana wa Cameroon, Arthur Zang, alitengeneza Cardiopad, kifaa cha ukubwa wa slesi ya mwanafunzi kinachopima umeme wa moyo kijijini na kutuma mchoro kwa bingwa kupitia mtandao wa simu. Mwaka 2016 kilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, na sherehe ya kumkabidhi ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, jijini Dar es Salaam.

Si lazima kuonana ana kwa ana

Ukitaja tiba ya mbali, watu wengi hufikiria daktari kwenye televisheni akizungumza na mgonjwa. Halafu wanakata tamaa, kwa sababu wanajua mtandao wa kijijini kwao hata wimbo haumaliziki kupakuliwa.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji kuonana papo kwa papo. Muuguzi anachukua picha asubuhi, anazihifadhi pamoja na umri wa mgonjwa, shinikizo lake la damu na malalamiko yake, kisha anazituma mtandao unapokuwa mzuri, hata usiku. Bingwa anazisoma kesho yake akiwa ofisini. Kwa mtu ambaye moyo wake umekuwa ukidhoofika kwa miezi, jibu la siku mbili ni jibu la haraka sana.

Ipo dharura isiyongoja: maumivu makali ya kifua yanayobana, yakiambatana na jasho jingi au kuzirai. Hapo mchoro wa umeme wa moyo lazima usomwe ndani ya dakika, maana misuli ya moyo inakufa kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo kila mpango unaoanzishwa lazima useme wazi ni majibu gani yanangoja na ni yapi hayangoji, na nani anapokea simu saa nane za usiku.

Baada ya kisu, kazi ndiyo inaanza

Binti yetu hatimaye alifanyiwa upasuaji na kuwekewa mlango mpya wa moyo. Tulisherehekea shuleni. Mimi nilidhani hadithi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mwenye mlango wa chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, maisha yake yote. Ikiwa kidogo, damu inaganda mlangoni na kuuziba, au donge linapanda kichwani na kumpoozesha. Ikizidi, mgonjwa anavuja damu ndani kwa ndani. Kati ya hatari hizo mbili njia ni nyembamba, na njia pekee ya kujua uko wapi ni kupima damu mara kwa mara.

Hata chakula kinahusika. Mboga za majani kama isombe hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Haina maana kwamba aache kula isombe. Maana yake ni kwamba asile kijiko kimoja wiki hii na sufuria nzima wiki ijayo.

Zamani kipimo hicho kilimaanisha safari ya mji mkuu. Siku hizi kipo kifaa kidogo cha mkononi, tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka palepale. Muuguzi wa wilaya anapima, anapanga dozi, na akipata tatizo anampigia bingwa simu. Safari ya kutwa nzima na nauli ya kwenda na kurudi imegeuka kuwa asubuhi moja.

Vivyo hivyo kwa wenye moyo uliolegea. Mizani ya kawaida na simu ya kawaida vinaweza kumwokoa mtu. Mgonjwa anayeongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu hajanenepa, amejaa maji. Akimpigia muuguzi siku hiyo, dawa ya kutoa maji inaongezwa naye anabaki kwake. Akingoja mwisho wa mwezi, ataletwa kwa machela.

Kwa wasichana kuna jambo zaidi ambalo ni lazima lisemwe bila haya. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo wenye mlango mwembamba unaweza kushindwa kabisa. Warfarini nayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha bila ushauri kunamhatarisha mama. Binti wa namna hii anahitaji kuzungumza na mtaalamu kabla ya kuolewa, si katika mwezi wa saba wa ujauzito. Kama mtaalamu huyo yuko mbali asikofika, mazungumzo hayo hayafanyiki.

Penye hatari

Tusidanganyane. Mashine peke yake haitibu. Nimeona kompyuta za shule zikiletwa kwa hotuba na kupigwa picha, na miaka mitatu baadaye zikawa rafu za kuwekea chaki. Eko nayo inaweza kupatwa na hayo. Kifaa kikianguka na kupasuka, nani anatengeneza? Muuguzi aliyefundishwa kwa miezi akihamishiwa wodi ya wazazi, nani anashika nafasi yake?

Pia tujihadhari na kukabidhi kila kitu kwa kampuni moja. Babyl, huduma ya kuonana na daktari kwa simu, ilianza nchini mwetu mwaka 2016 na kuandikisha Wanyarwanda zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilianguka, na huduma ikafungwa. Waliokuwa wakiitegemea hawakuwa na kosa lolote.

Kutegemea nchi nyingine kuna hatari yake pia. Kwa miaka mingi Wanyarwanda kadhaa walifanyiwa upasuaji wa moyo Khartoum, Sudan, katika hospitali ya Salam iliyofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Emergency la Italia. Aprili 2023 vita vilipolipuka mjini humo, tulikumbushwa kuwa njia ya mgonjwa inaweza kufungwa kwa siku moja. Hapa nyumbani, madaktari wa Team Heart kutoka Marekani wamekuwa wakija Hospitali ya King Faisal tangu 2008, na hospitali hiyo imekuwa ikijenga timu yake yenyewe. Hiyo ndiyo njia ya kuaminika.

Mwisho ni siri ya mgonjwa. Picha ya kifua cha binti wa watu si kitu cha kurushwa kwenye makundi ya simu. Ziwepo njia salama za kuzituma, na majina yasiambatane na picha bila sababu.

Nini kifanyike

Mimi ni mwalimu, si daktari. Lakini nimesoma upande ule wa Mto Akagera, Ngara, wazazi wangu walipokuwa ukimbizini, na nafundisha upande huu. Nikiwa darasa la tano tulikuwa na mwenzetu aliyevimba miguu na tumbo. Alilala ameketi. Watu walisema amerogwa, na mzee mmoja akatafutwa aje kumzindua. Alikufa kabla ya mvua za vuli. Ilikuwa mwaka 1991. Siwezi kuapa kwamba ulikuwa moyo, maana hakuna aliyempima. Ninachojua ni kwamba siku binti yule aliponiambia halali bila mito, nilimkumbuka yule mvulana, na ndipo nikaacha kumkaripia.

Hata leo, kutoka Ngara hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kwetu umbali ni mdogo, lakini kwa mjane mwenye mbuzi wawili nauli ya Kigali kila mwezi ni sawa na kilomita elfu. Ndiyo maana tiba ya mbali si anasa ya nchi tajiri.

Mambo machache yanaweza kuanza sasa. Kwanza, kila hospitali ya wilaya iwe na wauguzi wasiopungua wawili wanaojua eko, ili mmoja akihama kazi isife. Pili, kusoma picha kuhesabiwe kuwa kazi ya bingwa, kuwekewe zamu na malipo kupitia mituweli, badala ya kuachiwa wema wake baada ya saa za kazi. Tatu, penisilini na warfarini zisikosekane wilayani, kwa sababu jibu sahihi lisilo na dawa ni huzuni tu. Nne, washauri wa afya wa vijijini, abajyanama b'ubuzima, wafundishwe maswali matatu: Unalala umeegemea mito? Miguu inavimba jioni? Unachoka kupanda kilima ulichokuwa ukikipanda?

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Mtoto anayeumwa koo na kupata homa apelekwe kituo cha afya, asiachiwe maji ya chumvi peke yake. Mtoto anayechelewa kila siku aulizwe kabla ya kuadhibiwa.

Binti yetu alipoteza miaka miwili ya masomo. Sasa anakaa na wadogo zake, akiwa mrefu kuliko wote, na kila mwezi anaomba ruhusa ya asubuhi moja kwenda kupimwa damu. Ukikaa naye chumbani pakiwa kimya, unausikia mlango wake wa chuma ukigonga taratibu kama saa ya ukutani. Wenzake wamekwisha kuuzoea. Bado anafika wa mwisho darasani, maana kilima hakijapungua. Siku hizi tunamngoja.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari katika Mkoa wa Mashariki, Rwanda.